Kiti Tulichomwachia Ochan

Mbuya, nyuma ya ukuta wa jeshi,
Kampala.
Jumanne, 11 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Atoo,

Pokea salamu za mjomba wako, mtu ambaye kwa sasa, nakuambia bila kujisifu, hakuna kindege kinachopaa kule Kajjansi kabla hajaridhika. Marubani wananisalimia mimi kwanza, ndipo wanakwenda kusalimia ndege zao. Mkubwa mmoja wa jeshi, sitamtaja, aliwahi kusimama mbele yangu dakika nane nzima na gari lake la vioo vyeusi, anangoja neno langu. Kuna watu wanaoiita kazi hii ulinzi wa geti. Waache waseme. Anga nalo lina mlango wake, na ufunguo unalala mfukoni mwangu.

Je, hujambo huko Bukoba? Mumeo Rwegoshora hajambo? Kile kifua kilichokuwa kinambana wakati wa mvua kimeachia? Na Kokugonza, yule mdogo, bado anamkimbia jogoo? Mwambie mjomba wake mkubwa alipokuwa na umri wake alimshika chatu mkia, na chatu ndiye aliyelia.

Sisi huku tupo. Goti langu la kulia linaniuma kukiwa na mawingu, kwa hiyo watu wa Kajjansi wananiuliza mimi habari ya hali ya hewa kabla ya kusikiliza redio. Mke wangu Huguette mzima, anashona, anaimba kwaya, ananigombeza. Babu yako mzima pia. Habari yake ndiyo iliyonikalisha mezani leo.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo. Simu ya nyumba hii kila mtu anaisikia, na tangu macho ya babu yako yaanze kufifia, masikio yake yamekuwa ya popo. Nikikohoa bafuni ananiuliza jana nilikunywa nini. Ndiyo maana naandika. Barua ataibeba shemeji yangu Mushagalusa, kaka yake Huguette, yule Mkongo wa vitenge anayevuka mpaka wa Mutukula kila mwezi. Nimeifunga kwa gundi na nimemwapisha asiifungue. Mwandiko usiucheke. Niliishia darasa la sita, lakini lilikuwa la sita la zamani, la kuchapwa.

Sasa nianze mbali kidogo.

Mama yako, marehemu dada yangu Alanyo, hakupenda kuzungumza habari za kambi ya Entebbe. Ndiyo sababu nadhani hujui babu yako alikuwa mtu gani. Wewe unamjua mzee wa fimbo. Mimi nilimwona akishuka kwenye MiG, ndege ya vita, jasho limemlowesha hadi buti, na askari wa chini wanampisha kama maji yanavyopisha mtumbwi. Walikuwa kumi na mmoja, marubani wa vita, wote wamesomea Urusi. Walinuka mafuta ya taa na sabuni ya Kirusi. Walipopita nje ya nyumba zetu wake wa maafisa waliacha kupepeta mchele. Miaka ile watu wetu wa kaskazini walikuwa wanatolewa jeshini, wengine wanatolewa duniani kabisa, lakini babu yako na rafiki yake Ochan waliachwa, kwa sababu waliojua kurusha mashine zile walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Waliruka wakijua hivyo. Wakitua salama, ni siku moja zaidi ya kuachwa.

Ochan nilimjua sana. Mimi ndiye niliyemfundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, nikiwa na miaka tisa. Naam, labda yeye ndiye aliyenifundisha, lakini nilimzidi baada ya juma moja.

Ngoja nikuambie jambo ambalo wageni wa nyumba hii hawalijui. Kila asubuhi babu yako ananyoa ndevu kwa wembe wa kukunja alioutoa Urusi. Hatazami kioo. Anakaa kwenye kigoda uani, beseni liko miguuni, na kila mkwaruzo anataja jina la mtu. Anaanzia shavu la kulia. Huyu alianguka mazoezini. Hawa wawili waliungulia uwanjani kabla hawajapaa. Huyu alifuatwa nyumbani na gari, akaambiwa avae viatu tu. Wengine walikimbia nchi wakafia kwenye vyumba vya kupanga. Anashuka kidevuni, anapanda shavu la kushoto, na akifika karibu na sikio ni jina la Ochan. Hapo wembe unasimama. Anaosha uso, anainuka, na kipande kile cha ndevu kinabaki kama kichaka ambacho mkulima amekiogopa.

Miaka arobaini na tano, Atoo. Zamani bibi yako alikuwa anakimalizia bila kusema neno. Alipofariki kazi ikawa yangu. Watu wa mtaani wanadhani ni mzee asiyeona vizuri.

Sababu sikuijua mpaka mwaka jana mwezi wa kumi, siku nilipompeleka Mengo kwa daktari wa macho. Daktari alimshika mkono, akamwambia polepole kwamba presha ya macho imekwisha kula sehemu kubwa, na kwamba huenda Pasaka hii ataipokea gizani. Babu yako akashukuru kama mtu aliyepewa cheti. Tulipotoka tukakaa kwenye benchi kungoja jua lipungue. Ndege kubwa ikapita juu kuelekea Entebbe. Hakuinua uso. Akaanza kusimulia akiangalia viatu vyake.

Alisema ilikuwa vita ya sabini na tisa. Walitumwa wawili, kila mmoja na ndege yake, yeye mbele na Ochan nyuma, wavuke ziwa. Kazi waliyotumwa hakuitaja, na mimi sikuuliza. Wakati wa kurudi Ochan alikuwa amepigwa. Waliingia kwenye wingu, na walipotoka upande wa pili babu yako akawa peke yake. Halafu redioni ikaja sauti, imetulia, kama mtu anayeulizia chumvi mezani: Okot, sikuoni, uko wapi. Ikaja mara ya pili. Ikaja mara ya tatu.

Mafuta ya babu yako yalikuwa yanatosha kufika na hayatoshi kugeuka. Ndivyo alivyosema kwanza. Baadaye akasema hapana, yalitosha kugeuka mara moja, lakini aliogopa. Rubani akiulizwa hivyo anajibu na anageuka, na akijibu bila kugeuka ni mwongo. Kwa hiyo hakujibu. Alibonyeza kitufe cha redio, mdomo ukakataa, akakiachia. Tik. Huo mlio mdogo ndio Ochan alioupata kutoka kwa rafiki yake, halafu kukawa kimya. Alipotua wakamuuliza. Alisema redio ya Ochan ilikuwa imekufa, wakaandika hivyo, na karatasi ikapigwa muhuri.

Nilimwambia baba, umri ule, vita ile, nani angekulaumu. Unajua mimi maneno hayaniishi. Akaniacha nikamaliza yote, halafu akasema:

"Sababu zangu nazijua, Jasper. Nikifa kabla sijamjibu, nitamkuta ananiuliza lile lile."

Tangu siku ile nyumba ikabadilika. Sitakudanganya. Huguette, ambaye ni mtu wa kanisa na haamini vitu vya hewani, alianza kupika kipimo cha mtu mmoja zaidi bila kukusudia, na akigundua anakasirika. Mimi nikiwa uani namsikia babu yako chumbani anasema, polepole, niko hapa. Namuuliza unaongea na nani. Ananijibu sijasema kitu. Na kweli sura yake ni ya mtu asiyesema kitu.

Wewe ulizaliwa mbali, kwa hiyo nikueleze. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, kivuli chake, tunachokiita tipu, kinabaki pale pale alipofia, hakijui njia. Ndugu zake wanakwenda mahali hapo, wanamwita kwa jina, wanamwambia twende nyumbani. Ukirudi naye unamwachia nafasi. Kama ni gari, kiti kimoja hakikaliwi. Na lazima awepo shahidi wa kusema ameingia. Ukifika unazika kitu alichokigusa, jiwe, udongo, kitambaa, chochote, na watu wanakula. Ochan hakuwahi kuletwa hivyo, kwa sababu dada yake, mama Adyero, alikwenda mwenyewe ufukweni mwa ziwa miaka hiyo, akaita mpaka sauti ikakauka, na hakuna kilichokuja. Tangu hapo alikataa kabisa kuwekwa kaburi tupu.

Mwezi wa kumi na mbili babu yako alimwita. Akaja na basi kutoka Gulu, na miaka yake themanini na moja, mkoba mmoja na mwavuli. Tulimkalisha uani, akataka asikae bure, akapewa viazi amenye. Babu yako akamweleza yote, hata habari ya karatasi ya muhuri. Mama Adyero hakuinua kichwa. Alimenya mpaka kiazi cha mwisho, akaosha kisu, akakifuta. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, tayari kuingilia kati kama angemrushia kitu, na nakuambia ningekidaka. Kumbe alisema tu hivi:

"Kwa hiyo nilimwita bure. Nilimwita kwa sauti yangu, na yeye alikuwa anangoja ya kwako."

Babu yako akasema atakwenda ufukweni kesho yake. Mama Adyero akatikisa kichwa.

"Alikuita ukiwa juu, Okot. Utamjibia huko huko."

Halafu yule mama akanigeukia mimi. Akasema amesikia Gulu nzima kwamba mwana wa Okot siku hizi ndiye mwenye anga, basi nitoe kipande kidogo tu, wazee wawili hawatakimaliza. Huguette alicheka hadi akaingia jikoni. Nikasema hilo ni jambo dogo. Usiku wake sikupata usingizi.

Sasa umjue Vera. Vera ni binti wa miaka ishirini na tisa anayefundisha watu kurusha vindege pale Kajjansi. Nikaanza kumpeleka babu yako kazini, namkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya kibanda changu. Haoni zaidi ya vivuli lakini anasikiliza injini kama wengine wanavyosikiliza mpira. Siku ya tatu akaniambia nikamwambie yule mtoto kwamba plagi moja ya injini yake haichomi. Vera akacheka, maana ndege ilikuwa imekaguliwa asubuhi. Lakini kwa heshima akafungua. Nikamwona anakuja mbio getini, plagi nyeusi mkononi, akachuchumaa mbele ya mzee.

"Afande, umejuaje?"

"Inakohoa kama mke wangu alivyokuwa anakohoa akitaka nimtazame," babu yako akasema.

Kuanzia hapo akawa wake. Alimletea chai, akamuuliza habari za MiG, jinsi inavyotetemeka kabla ya kupaa, jinsi ya kutua na upepo wa ubavuni. Babu yako alimjibu kwa mikono. Siku nilipomweleza Vera tunachotaka, nilikuwa nimetayarisha hotuba ndefu, lakini hakuihitaji. Alisema tu baba yake naye alikuwa askari, na kwamba hajawahi kuonyeshwa alipozikwa. Akachagua Jumapili ya tarehe kumi na tisa Januari, asubuhi, kabla upepo haujachangamka.

Kindege kina viti vinne. Mbele alikaa Vera, na babu yako pembeni yake, upande wenye usukani wa pili. Nyuma mimi kushoto, na kulia kiti cha Ochan. Mama Adyero mwenyewe alipanda kwa shida akakifunga mkanda kile kiti kitupu, akaukaza, akaupapasa kama anayemfunika mtoto. Halafu akashuka, akasimama kwenye nyasi na mwavuli wake. Shahidi ilikuwa lazima awe damu ya anayeita, kwa hiyo ni mimi. Nilivaa koti langu refu la mvua la kazini ili kuweka heshima. Mikono yangu ilikuwa imara kama nguzo.

Tukapaa. Ya ziwa sitakuandikia mengi, ni maji.

Nitakuandikia ya babu yako. Vera alimweleza dira inasoma ngapi, akamwambia sasa ni wewe, Afande, mimi nipo, na akaondoa mikono. Nilimwona kwa nyuma, Atoo. Ile shingo iliyoinama miaka yote ikasimama. Mkono unaomwaga chai kila asubuhi ukatulia tuli. Haoni, lakini kindege kilikwenda laini kuliko Vera alivyokiendesha, na Vera mwenyewe alikiri baadaye. Babu yako alikuwa anahesabu dakika kwa sauti ya chini, kwa Kirusi. Kila mara anamuuliza Vera dira, anasogeza kidogo, anahesabu tena. Alikuwa amehifadhi njia ile mwilini tangu sabini na tisa. Nikaelewa kwamba kila siku, pale kwenye kigoda uani, mtu huyu alikuwa anaruka safari hiyo hiyo.

Dakika fulani akasema, ni hapa. Akainamisha bawa tukaanza kuzunguka. Akatafuta kwa vidole kitufe cha redio kwenye usukani. Vera alikuwa amezima mawasiliano ya nje, kwa hiyo waliomsikia ni sisi tu, kwenye vile vyombo vya masikioni. Hakulia. Alisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya kijana:

"Ochan, huyu ni Okot. Nilikusikia. Siku ile nilikusikia mara zote tatu. Nimegeuka sasa. Panda, twende nyumbani."

Akaachia kitufe. Tukangoja.

Hapa sitii chumvi, na unajua napenda chumvi. Masikioni mwangu ikaja tik. Moja tu. Kama mtu amebonyeza kitufe mahali fulani, akakosa neno, akaachia. Mikono ya babu yako ilikuwa juu ya magoti. Ya Vera nayo ilikuwa inaonekana. Vera alinigeukia, midomo imekuwa mieupe. Baadaye alisema labda ni waya umelegea. Alisema hivyo mara nne, bila mtu kumuuliza.

Nikahisi baridi inaingia upande wangu, begani, ikashuka kiunoni hadi miguuni, kama mtu aliyetoka majini amesimama juu yangu anaomba nafasi. Nikajua anataka dirisha la kushoto. Nikafungua mkanda wangu, nikahamia kile kiti cha kulia, nikampisha. Babu yako akaniuliza bila kugeuka:

"Jasper, ameingia?"

"Ameingia, baba. Amekaa."

Akashusha pumzi ndefu, nikadhani inatoka yote. Kisha akamwambia Vera ashike yeye, amechoka, na akalala usingizi pale pale, kichwa kimeegemea kioo, mpaka magurudumu yakagusa ardhi.

Mama Adyero alikuja kabla panga la injini halijasimama vizuri, Vera akamzuia kwa mkono. Mlango ulipofunguliwa akaangalia nyuma. Aliona nimekaa kulia. Aliona kiti cha kushoto ambacho nilikuwa nimempisha mwenzetu, na kiti kile kilikuwa kimelowa maji. Akanitazama. Nikamweleza nilivyohisi, na nilivyompisha. Akashika mlango kwa mikono miwili. Babu yako akasaidiwa kushuka, akapapasa mpaka akafika, akaweka kiganja chake juu ya kiti kile chenye maji, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Akasema, ametoka ziwani jinsi alivyokuwa. Mama Adyero akavua kitenge alichojifunga mabegani, akafuta kiti chote, taratibu, hadi kikakauka, akakikunja kitenge mara nne na kukikumbatia.

Kitenge hicho ndicho tulichozika. Tulikwenda kaskazini siku iliyofuata, kiti kimoja cha gari hakikukaliwa. Watu walikuja wengi sana kuliko nilivyotarajia, hata wajukuu wa wale marubani wengine. Kaburi lilichimbwa kamili, futi sita, kwa ajili ya kitambaa. Mama Adyero alikilaza mwenyewe. Mimi nilitoa hotuba, na watu wanaisema hadi leo. Babu yako hakuhutubia. Alipiga saluti, mkono ukakaa kwenye paji la uso mpaka udongo ukajaa, na hakuna aliyethubutu kuushusha.

Tangu tumerudi, Atoo, ananyoa uso wote. Anafika karibu na sikio, anasema Ochan, wembe unapita, anaosha. Usiku halalamiki. Huguette anapika kipimo chetu tu. Macho yamekwisha karibu kabisa, na hana hasira nayo.

Na ndiyo sababu ya kukuandikia. Mwezi ujao anataka kuja Bukoba. Unakumbuka hakuja harusini kwako, akasema ni mgongo. Haukuwa mgongo. Mji unamoishi, yeye aliuona mara ya kwanza kutoka juu, wakati wa vita ile, na sina haja ya kukuambia rubani wa vita huupitia mji juu kwa kazi gani. Alisema hawezi kula ubwabwa wa watu aliowafanyia hivyo, halafu amkute mjukuu wake anawapikia. Sasa anasema atakuja, na kama mama mkwe wako atapenda kumuuliza atamjibu. Anasema amejifunza kujibu. Mwandalie chumba kisicho na ngazi. Usiwaambie wakwe mapema, mwache aseme mwenyewe.

Nisalimie Rwegoshora, na mama mkwe wako, na Kokugonza na ndugu zake wote. Huguette anakusalimu na amekutumia kipande cha kitenge kwa mkono wa Mushagalusa. Vera, ambaye humjui, anakusalimu pia, kwa sababu nimemsimulia habari zako mpaka anakujua. Mungu awafunike wewe na nyumba yako, awape mvua kwa kiasi na usingizi usio na kuitwa.

Atoo, nimeizungusha barua hii kurasa saba nikitafuta mahali pa kuweka jambo moja, na pamebaki hapa chini tu. Ule mlio wa tik niliusikia, nitaapa mbele ya mtu yeyote. Lakini mimi sijawahi kupanda ndege maishani mwangu kabla ya Jumapili ile. Babu yako alipoinamisha bawa niliona ziwa limesimama wima dirishani, na ile baridi iliyoshuka miguuni haikutoka kwa Ochan. Niliona haya nikahama kiti. Ndiyo maana nilifunga koti la mvua hadi kifungo cha mwisho kwenye jua lile kali, suruali isionekane, na nadhani Vera anajua, kwa maana hunitazama akanyamaza. Babu yako akija kwako msimwambie. Maji yale hayakuwa ya ziwa. Yalikuwa yangu.

Nikupendaye siku zote, mjomba wako,
Jasper Oloya